Umelipwa shilingi ngapi?

Sifa njema zote anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, sisi tunaoandika kwenye safu kama hizi tuna desturi ya kuwanyooshea wenzetu vidole. Leo viongozi, kesho mashekhe, keshokutwa wazazi. Wiki hii kidole kinanielekea mimi mwenyewe, na naomba uniazime sikio mpaka mwisho.

Ilikuwa Agosti 2022. Wakenya walikuwa wamepiga kura Jumanne ya tarehe 9, na sisi huku Dar es Salaam tukawa tunafuatilia matokeo kana kwamba nasi tulipanga foleni. Mimi nina shemeji na wapwa Mombasa, na nilikuwa na mgombea niliyetaka ashinde. Jina lake halina haja hapa, kwa sababu kosa nililofanya lingekuwa kosa vile vile hata kama ningekuwa upande wa pili.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya swala ya Isha, nililetewa kwenye simu picha ya Fomu 34A, ile fomu ya matokeo inayojazwa katika kila kituo cha kupigia kura. Picha ilikuja na maelezo kwamba kura za mgombea wangu zimepunguzwa, na kwamba hiyo ndiyo fomu halisi ambayo wakubwa hawataki ionekane. Sikuuliza imetoka kwa nani. Sikuuliza kituo kiko wapi. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la waumini wa msikiti wetu, nikaongeza na ya kwangu, makali, juu ya wezi na laana ya wezi.

Hazikupita dakika kumi akajibu kijana mmoja, ustadh anayefundisha watoto madrasa ya jioni pale pale msikitini. Aliandika kwa adabu: "Samahani mzee wangu. Fomu ya kituo hicho nimeifungua kwenye tovuti ya tume. Tarakimu kwenye hiyo picha zimebadilishwa. Naiweka hapa ya asili tuilinganishe." Na kweli akaiweka.

Ndugu msomaji, ningeweza kuifungua ile picha nikalinganisha. Ingenichukua dakika moja. Badala yake niliandika maneno manne: "Umelipwa shilingi ngapi, ustadh?"

Baada ya hapo kundi likawaka. Mmoja akamwita chawa. Mwingine akauliza mbona hajahakiki uongo wa upande ule. Wengine hawakusema neno, walituma tu vile vikatuni vya uso unaotoka machozi kwa kucheka. Kijana wa watu akaandika "Jazakumullahu khayran", kisha akanyamaza.

Maneno tuliyojifunza kujibia

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama kwa makini maneno tunayoyatumia pale mtu anapotuonyesha kwamba taarifa ya kisiasa tuliyoipenda si ya kweli. Siku hizi wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Africa Check ilianzishwa mwaka 2012 huko Afrika Kusini, na katika ukanda wetu huu wapo PesaCheck, ambao huandika hata kwa Kiswahili. Wanachukua kauli ya mwanasiasa au picha inayozunguka, wanaitafutia chanzo, kisha wanaeleza kama ni kweli au si kweli na wamejuaje. Ukisoma majibu ya watu chini ya taarifa zao, utadhani yote yameandikwa na mtu mmoja.

Jibu la kwanza ni hilo langu: umelipwa, umetumwa, nani yuko nyuma yako. Jibu hili haligusi kabisa kilichosemwa. Linaruka juu ya ushahidi linakwenda kutua kwenye moyo wa aliyesema. Na mambo ya moyoni nani anayajua? Usama bin Zayd (RA), katika Hadith iliyomo kwenye Sahih Muslim, alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga. Mtume (SAW) alimuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona kilichomo. Swali lile lilimuuma Usama kiasi cha kutamani angekuwa amesilimu siku ile tu. Sasa mimi niliupasua moyo wa ustadh saa ngapi, nikaziona hizo shilingi?

Jibu la pili ni lakabu. Hapa Tanzania tumezitunga nyingi. Wa upinzani tumewaita nyumbu. Wa chama tawala tumewaita mataga, tumewaita vijana wa buku saba, na sasa tunawaita chawa. Mtu akileta hoja haangaliwi hoja, anavishwa lakabu na mazungumzo yanaishia hapo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (SW) ametukataza kudharauliana, kufedheheshana na kuitana kwa majina ya kejeli, na akalitaja jambo hilo kuwa ni ufasiki baada ya imani. Hakusema isipokuwa wakati wa uchaguzi.

Na tusidhani ni utani tu. Chawa ni mdudu, na mdudu huuawa kwa ukucha bila mtu kujuta. Majirani zetu wa Rwanda walianza kwa kuitana mende. Redio ya RTLM ililitangaza neno hilo asubuhi na jioni, na mwaka 1994, kwa muda wa siku mia hivi, waliuawa watu zaidi ya 800,000. Sisemi kwamba sisi tuko huko. Nasema ulimi uliozoea kumwita binadamu mdudu umeshavuka mpaka ambao Allah ameuweka.

Jibu la tatu ni "mbona wale hamuwasemi?" Hili lina sura ya kudai haki, na ndiyo maana linawahadaa hata wasomi. Lakini litazame vizuri. Mtu kaambiwa fomu yako imeghushiwa, naye anajibu kwamba na jirani anaghushi. Haya, jirani anaghushi. Fomu yako imekuwa halali? Qur'an inatutaka tusimamishe uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu (An-Nisaa, 135). Aya imeanza na nafsi yangu. Haikuanza na wale.

Jibu la nne ni kicheko. Vile vikatuni havina hoja, havina jina, na ukiulizwa utasema hukusema kitu. Lakini aliyechekwa anajua amechekwa, na Raqib na Atid hawaandiki herufi peke yake.

Jibu la tano ndilo baya kuliko yote, na huwa linatoka pale mengine yakishindwa: "Hata kama si kweli, ndivyo walivyo." Yaani uongo umekubalika kuwa ni uongo, lakini unaachwa uendelee kwa kuwa unamchoma tusiyempenda. Suratul Maida, aya ya 8, imeliziba tundu hili moja kwa moja: chuki yetu juu ya watu isitupeleke tukaacha kuwafanyia uadilifu.

Sisi tunaijua ladha yake

Ndugu zangu Waislamu, katika umma wote wa duniani sisi ndio tusiopaswa kuchezea jambo hili, kwa sababu ladha ya habari isiyochunguzwa tumeionja. Februari 5, 2003, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Colin Powell, alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akieleza juu ya silaha za maangamizi za Iraq. Waliosema subirini kwanza wakaguzi wamalize kazi waliitwa waoga na watetezi wa Saddam. Iraq ikavamiwa mwezi uliofuata. Silaha zile hazikupatikana.

Njoo karibu zaidi. Julai 29, 2024, katika mji wa Southport, Uingereza, mvulana wa miaka 17 aliingia na kisu kwenye darasa la kucheza ngoma la watoto, na wasichana watatu wakauawa. Kabla ya jioni mitandao ilishampa jina la Kiarabu na kudai ni mhamiaji aliyeingia kwa mashua. Polisi wakatoa taarifa kwamba jina hilo si sahihi. Ikajulikana kwamba alizaliwa Cardiff, hapo hapo Uingereza, na wazazi wake walitoka Rwanda.

Je, sahihisho lilisaidia? Kesho yake jioni, Julai 30, msikiti wa Southport ulishambuliwa kwa mawe na chupa, na gari la polisi likachomwa moto. Vurugu zikaenea miji mingine kwa siku kadhaa. Watu walipoambiwa habari ile si kweli, wapo waliojibu kwamba ukweli unafichwa na kwamba polisi wanawalinda Waislamu. Yale yale ndugu zangu. Umelipwa. Umetumwa. Hata kama si kweli, ndivyo walivyo. Waumini waliojifungia ndani ya msikiti ule walikuwa wanapigwa mawe kwa maneno ambayo mimi niliyaandika kwa kidole changu, nikiwa nimetoka kuswali Isha.

Maswali mawili

Wapo watakaosema: je, hawa wahakiki ni maasumu? Hawakosei? Hawana upande? Hilo ni swali zuri na sitaki kulikwepa. Wanakosea, kwa kuwa ni binadamu. Na si kila anayejiita mhakiki ni mhakiki. Lakini kuna maswali mawili ya kumuuliza mtu aliyekuletea habari usiyoipenda, na umbali kati yake ni mkubwa.

Swali la kwanza ni "ushahidi wako uko wapi?" Hili ni swali la Qur'an. Katika Suratul Baqara, aya ya 111, Mtume (SAW) ameamrishwa awaambie waliodai kwamba Pepo ni yao peke yao walete hoja yao kama ni wakweli. Swali hili linamfungulia mwenzako mlango. Akiwa na ushahidi ataleta, na akiwa hana ataaibika mwenyewe.

Swali la pili ni "umelipwa ngapi?" Hili linafunga mlango. Hata akileta ushahidi wa aina gani, utakuwa ni ushahidi wa mtu aliyelipwa.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kwamba akitujia fasiki na habari, tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Zingatia hapa. Hata habari ya fasiki hatukuamrishwa kuitupa, tumeamrishwa kuichunguza. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa aya hii inahusiana na mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq, akarejea akidai wamekataa kutoa na wametaka kumuua. Ilikaribia watu wapigwe vita kwa habari ambayo haikuwa kweli. Ilipochunguzwa, ikaonekana wako kwenye Uislamu wao na wanamsubiri huyo mjumbe. Kama habari ya fasiki inachunguzwa, itakuwaje habari ya ustadh anayewafundisha watoto wangu mwenyewe kusoma Suratul Fatiha?

Na wanazuoni wetu walikwenda mbali zaidi. Elimu yote ya Hadith imejengwa juu ya kuuliza: umesikia kwa nani, naye kasikia kwa nani, na watu hao hifadhi yao ikoje? Imamu Ali bin al-Madini, aliyefariki mwaka 234 Hijria na ambaye ni mmoja wa walimu wa Imamu Bukhari, aliulizwa juu ya baba yake mzazi, ambaye naye alikuwa mpokezi wa Hadith. Imepokewa kwamba kwanza aliwaambia wamuulize mtu mwingine. Walipong'ang'ania aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba hii ni dini, na kwamba baba yake ni dhaifu.

Baba yake! Wale watu hawakumwambia umelipwa na maadui wa baba yako. Walichukua kalamu wakaandika. Sisi leo hatuwezi kusikia neno hilo juu ya mgombea ambaye hata hajui kama tumezaliwa.

Haki haina kadi ya chama

Turudi Kenya, maana kule kuna somo kwa pande zote. Mwaka 2017, baada ya uchaguzi wa Agosti 8, waliolalamika kwamba matokeo yana kasoro waliambiwa wakubali yaishe, na wakachekwa sana. Septemba 1 mwaka ule Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ikaufuta uchaguzi wa rais. Waliocheka wakanyamaza. Mwaka 2022 tume iliziweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 wazi kwenye tovuti yake, kila mtu azione. Bado picha za fomu zilizoghushiwa zikazunguka, na tukazipenda. Septemba 5, 2022, mahakama ile ile, safari hii kwa kauli moja, ikathibitisha matokeo. Fomu za tovutini zilikuwa zimelinganishwa na zile za karatasi, na tofauti kubwa iliyodaiwa haikuonekana.

Mahakama moja, katika miaka mitano tu, iliwaudhi hawa kisha ikawaudhi wale. Mwenye kutafuta haki atakubali yote mawili. Mwenye kutafuta ushindi atasema mwaka mmoja majaji walikuwa mashujaa na mwaka mwingine walilipwa. Na kama kuna mtu anadhani hii ni michezo ya simu, akumbuke kwamba tume iliyochunguza fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini humo ilihesabu vifo 1,133, na meseji za chuki zilikuwa zikitembea kwenye simu za wakati ule, kabla WhatsApp haijazaliwa.

Jambo jingine. Januari 2025 kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza kuachana na mpango wake wa wahakiki wa nje kwa upande wa Marekani, mpango ulioanza Desemba 2016. Mkuu wake, Mark Zuckerberg, alidai wahakiki hao walikuwa na upendeleo wa kisiasa. Mahali pake ukaja utaratibu wa watumiaji wenyewe kuandikiana maelezo ya kusahihisha. Sina haja ya kuingia kwenye ugomvi wao. Ninachokiona ni kwamba mzigo unarudi kwa mimi na wewe. Kama kusahihishana kumeachwa mikononi mwa watu wa kawaida, na lugha ya watu wa kawaida ni hiyo ya chawa na buku saba, tutasahihishana vipi?

Deni langu

Uamuzi ule wa Septemba ndio ulionifanya niifungue ile picha aliyoiweka kijana. Nililinganisha, tarakimu kwa tarakimu. Alikuwa sahihi. Mtu aliibadilisha fomu, akanitumia mimi kama mbeba mizigo, nami nikaubeba mpaka msikitini.

Nilikwenda nyumbani kwake. Alinipokea vizuri, akanitolea mkeka barazani, akamwambia mdogo wake alete kahawa. Nikamwomba radhi. Akasema: "Mimi nilishakusamehe, mzee wangu, usiku ule ule. Lakini watoto wanane hawajarudi madrasa. Wazazi wao wamesema ustadh ni mtu wa siasa."

Sikuwa na la kujibu. Mtume (SAW), katika Hadith aliyoipokea Muslim, aliwauliza Maswahaba kama wanamjua muflisi, kisha akawaeleza kwamba ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu na kumsingizia yule, basi wanagawiwa mema yake mpaka yanakwisha. Mimi nilikuwa nimeishi miaka mingi nikidhani Hadith ile inamhusu mtu mwingine.

Kosa nililifanya hadharani, kwa hiyo toba yake haikutosha kuwa ya barazani. Niliandika kwenye kundi lile lile, kwa jina langu, kwamba picha ilikuwa ya uongo, kwamba niliisambaza bila kuichunguza, na kwamba nilimdhulumu ustadh kwa neno nisilo na ushahidi nalo. Ninyi wasomaji mnaweza kukisia. Jibu la kwanza lililoingia lilikuwa: "Na wewe sasa wamekulipa?"

Nilicheka, kisha nikaona uchungu. Mbegu ilikuwa yangu mwenyewe.

Baadaye nilizunguka kwa wazazi mmoja mmoja kwa miguu, kwa sababu niliona simu imeshaharibu vya kutosha. Watano kati ya wanane waliwarudisha watoto wao. Watatu mpaka leo hawajarudi. Hilo ni deni langu na nitaulizwa.

Ndugu msomaji, sikuombi uache siasa. Kura ni haki yako na kumfuatilia kiongozi ni wajibu. Ninakuomba mambo machache tu. Ikikujia habari inayokufurahisha sana, ihofie zaidi kuliko inayokuudhi. Mtu akikuambia si kweli, mwombe ushahidi na uusome kabla kidole hakijagusa simu. Ukishindwa kuuelewa, nyamaza, kwani Mtume (SAW) amefundisha kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kule kusimulia kila anachosikia. Ukigundua umekosea, futa na utangaze pale pale ulipokosea. Na aliyekusahihisha, hata kama humpendi, mshukuru. Amekupunguzia mzigo siku ambayo hakuna atakayetaka kukubebea.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili tuione kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Tusamehe kwa yale tuliyoyasema na yale tuliyoyasambaza. Aamin.

Wabillahi tawfiq.